Usaili Uliokwama kwenye Router ya Baba

Ilianza Alhamisi, saa kumi na dakika ishirini jioni, nikiwa bado na soksi za shule miguuni. Usaili wangu ulikuwa saa kumi na mbili kamili. Niliwasha kishikwambi cha mama mapema makusudi, maana mimi nikiwa na haraka sauti inakauka.

Usaili wenyewe ulikuwa wa kambi ya kompyuta ya wasichana wa kidato cha tatu, Mwanza, wakati wa likizo. Kula na kulala juu yao, na watakaofanya vizuri wangeendelea kufundishwa mpaka wamalize kidato cha sita. Mwalimu wetu wa fizikia alipeleka jina langu bila kuniuliza. Aliponiambia akaongeza, "Nilijua ungekataa, ndiyo maana sikukuuliza." Baadaye watu wa Mwanza wakajibu kwamba nimefika hatua ya mwisho, nimebakiza kuzungumza nao tu, kwa video, kupitia app yao. Na chini waliandika kwa herufi nene kwamba atakayechelewa zaidi ya dakika kumi, nafasi yake itakwenda kwa mwingine.

Kuzungumza nao tu. Aliyeandika hiyo "tu" hanijui. Mimi ndiye mtoto ambaye wageni wakija kutoka kijijini kwetu, Migato, anaingia jikoni na kutoka wakishaondoka. Siku ya vijana kanisani nilipangiwa kusoma somo, tumbo likaniuma. Liliuma kweli. Nyumbani hakuna aliyeamini, na tangu siku hiyo kaka yangu akitaka kunichokoza ananiita "mgonjwa wa Jumapili".

Lakini safari hii nilikuwa nimejiandaa. Kila jioni nilikwenda nyuma ya jiko nikawa naongea na kuku. Nilikuwa nataka kuwaeleza wale watu wazo langu la kifaa kidogo cha kupima unyevu wa pamba, ili mkulima ajue mwenyewe pamba yake imekauka kabla mnunuzi hajaishika mkononi na kusema ina maji. Kuku walisikiliza vizuri tu. Siku za mwanzo nilikuwa nanong'ona, mwisho jirani alinisikia akauliza upande wa pili wa ukuta, "Nani anahubiri huko?" Nikaendelea. Kwangu mimi kuendelea ilikuwa kama kubeba gunia.

Sasa nieleze kuhusu router. Baba ana duka la vifaa vya ujenzi hapa Bariadi mjini. Msimu wa pamba watu wakishauza wanakuja kununua mabati, kwa hiyo mwezi wa saba baba tunamwona usiku tu. Mwaka huu alinunua router ile ya laini, akaiweka juu ya kabati la televisheni na kuifunika kitambaa, kama redio za zamani. Neno la siri la kuingia kwenye mipangilio alilijua peke yake.

Shida ilikuwa kaka. Kaka amemaliza kidato cha sita, anasubiri chuo, na kazi yake ya kusubiri ni magemu. Kifurushi cha mwezi kilikuwa kinaisha mwezi haujafika nusu, kwa sababu usiku watu tukilala yeye anapakua magemu na simu yake inaapdeti kila kitu. Baba akampigia fundi aliyemuuzia ile router, akaelekezwa kwamba kuna sehemu ya kuzuia duka la programu na masasisho, na kwamba unaweza kuipangia saa. Jumapili baada ya chakula cha jioni akavaa miwani, akakaa na simu yake. Kaka akajisogeza.

"Mzee, nikusaidie?"

"Mwizi ndiye anisaidie kufunga mlango?"

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Baba alichukua muda mrefu, akisoma kwa sauti kama anasoma Injili. Alipomaliza akatangaza, "Kuanzia leo, saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, hakuna kupakua kitu chochote. Mchana pakueni. Usiku laleni." Tukasema sawa. Ilikuwa ni sheria ya haki, hata mimi nilifurahi.

Ile app ya Mwanza nilikuwa nimeipakua Jumamosi, siku moja kabla ya sheria. Nikaijaribu, ikafunguka, nikajiona usoni nikaifunga haraka. Ndiyo maana Alhamisi sikuwa na wasiwasi wowote.

Nikaifungua. Ikaandika: toleo hili limepitwa na wakati, sasisha ili kuendelea. Chini kitufe kimoja. Nikakibonyeza, kikanipeleka kwenye duka la programu. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikaandika hakuna mtandao, jaribu tena.

Nikajaribu tena. Hakuna mtandao.

Nikafungua kivinjari, nikaweka ukurasa wa habari. Ukafunguka na picha zake zote. Nikafungua video ya mtu anapika. Ikacheza. Nikarudi dukani, hakuna mtandao. Ni kama umesimama na mtu anaongea na kila mmoja hapo, ila wewe ukimsalimia anaangalia pembeni.

Mambo haya nayapenda, na shuleni wenzangu wakikwama na simu huniletea kimya kimya, kwa hiyo sikuogopa mara moja. Nikazima kishikwambi na kukiwasha. Nikakifanya kiisahau wifi ya nyumbani, nikaiunganisha upya. Nikafuta kumbukumbu za duka la programu. Nikaangalia nafasi, ilikuwepo ya kutosha. Nikaangalia tarehe na saa, kwa sababu kifaa kikiwa na saa ya uongo mitandao mingine inakikataa. Saa ilikuwa sahihi. Nikajaribu kusasisha kishikwambi chenyewe, nacho kikasema kimeshindwa kuangalia. Nikachomoa router, nikahesabu taratibu, nikaichomeka. Taa zikarudi moja moja, zote kijani, nzuri kabisa. Hakuna mtandao.

Nikatafuta kwenye kivinjari watu wengine wanafanyaje. Wengi waliandika niliyokwisha kuyafanya, kisha wakamalizia kwamba tumia mtandao mwingine uone. Mtandao mwingine. Kishikwambi cha mama ni cha serikali, wamepewa walimu. Sehemu ya laini ilishavunjika. Nilipojaribu kushusha faili la app kutoka tovuti nyingine kikakataa, kimefungwa kisipokee vitu vya nje ya duka. Simu ya mama ni ya kubonyeza. Simu ya baba ilikuwa dukani na baba.

Saa kumi na moja ilikuwa imepita mama aliporudi kutoka shuleni kwake, Sapiwi, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Mwadila, mayu," akanisalimia kwa Kisukuma, akiniita mama kama kawaida yake. "Umeshavaa?"

"Bado. App inakataa."

"Inakataaje?"

"Inataka kusasishwa na duka halifunguki. Mtandao."

Akaangalia televisheni. Kaka alikuwa amejilaza kwenye kochi anaangalia marudio ya mpira kwa wifi hiyo hiyo, picha safi kama maji. Mama akanitazama mimi. Akaenda kuchukua kitenge chake kipya, akakining'iniza ukutani nyuma ya kiti nitakachokalia, ili wale watu wasione ukuta ulipobanduka. Nilimwangalia akikinyoosha pembe kwa kiganja.

Nikampigia baba kwa simu ya mama. Nyuma yake zilikuwa zinasikika kelele za mabati yanashushwa.

"Shikamoo baba. Router inazuia duka la programu, naomba neno la siri nii..."

"Saa ngapi sasa hivi?"

"Kumi na moja na nusu."

"Mimi nimezuia kuanzia saa ngapi?"

"Saa nne usiku."

"Sasa?" Akasubiri. "Sasa inakuzuiaje? Angalia hicho kishikwambi chenu. Nina wateja."

Akakata. Na hoja yake haikuwa na pa kuishika. Saa nne ilikuwa bado mbali.

Nikamwendea kaka. Kumwomba kaka kitu ni adhabu peke yake, lakini nilimwomba. "Nipe hotspot. Tumia data yako ya kwenye laini."

"Mgonjwa wa Jumapili leo anaumwa Alhamisi?"

"Kaka, tafadhali."

Sijui aliona nini usoni kwangu, akaamka. Akazima wifi kwenye simu yake, akawasha data, akanirushia. Nikafungua duka. Likafunguka papo hapo! App ikaanza kushuka. Nikamwonyesha mama: unaona, ni router, si mimi. Mama akasema haya, vaa basi. Nikavaa blauzi nyeupe niliyoinyoosha tangu jana. Niliporudi kaka alikuwa ameshika kichwa.

"Imekata. Kifurushi kimeisha, na imebaki kidogo tu."

"Nunua kingine."

"Simu haina kitu."

Mama akampa pesa mkononi, kaka akatoka mbio kwenda kwa wakala kuiweka kwenye simu. Nikakaa kwenye kiti, kitenge nyuma yangu, kishikwambi mbele yangu kimeegemezwa kwenye chupa ya chai. Nikaendelea kubonyeza jaribu tena, jaribu tena. Saa kumi na mbili ikafika. Nilijiona kwenye kile kioo cheusi, nimekaa vizuri, nywele zimebanwa, nikiwa tayari kuongea na watu nisiowajua kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Maneno yalikuwepo. Nilikuwa nayasikia yamejipanga.

Kaka akarudi anahema. "Wakala hana floti, salio limemwishia. Nimeenda wa pili, kafunga. Wa tatu kule stendi kanipa." Akawasha. Kupakua kukaanza upya kutoka mwanzo. Ilipomaliza na kufunguka, ilikuwa imeshapita dakika kumi na tano. Ikaandika kwa ustaarabu kabisa kwamba muda wangu wa usaili umekwisha, wananitakia kila la heri katika masomo.

Sikulia hapo. Nilivua blauzi, nikaitundika.

Baba alirudi tunataka kula. Mama akamweleza kwa kifupi. Baba akanawa, akamega ugali, akasema bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira:

"Huyu ukimwita asalimie wageni anakwenda chooni. Leo kaitwa kuongea na Mwanza nzima. Mlitegemea nini?"

"Mtandao ulizuia, baba."

"Mtandao huu huu wa kaka yako kuangalia mpira?"

Kaka akafungua mdomo, "Lakini mzee, kwa data yangu ilifung..."

"Wewe nyamaza, mla vifurushi."

Nilimgeukia mama, kwa sababu mama alikuwepo, aliona kwa macho yake. Nikamwambia, "Mama, si uliona? Si mimi, ni router."

Mama alinisogezea bakuli la mlenda. "Mayu, kama uliogopa sema tu. Hakuna atakayekupiga. Ulichelewa kuvaa, ulikuwa unazunguka zunguka na mashine. Hata mimi nikiwa mdogo nilikuwa naogopa."

Alisema kwa upole. Ule upole ndio ulionimaliza. Nafasi ilikuwa imepotea, hilo nilishalikubali kwenye kiti, lakini sasa walikuwa wananinyang'anya na lile jambo moja nililoweza: kwamba sikuogopa. Wiki mbili na kuku, halafu nyumba nzima inaamini kwamba nilijificha nyuma ya mashine. Nikasema nimeshiba. Nikakichomeka kishikwambi kwenye chaji, nikaenda kulala uso ukiwa ukutani.

Asubuhi niliamka kabla ya wote kuwasha moto. Nilipoangalia kishikwambi, kilikuwa kimejisasisha chenyewe. Programu zote za mama zilizobaki, na chenyewe kinaomba kizimwe na kuwashwa kimalizie. Vyote vimeingia usiku, kuanzia saa sita na dakika chache. Usiku ule ambao sheria ya baba inasema hakuna kupakua.

Kaka akatoka kuswaki. Nikamwonyesha. Akatazama mlango wa chumba cha wazazi, akashusha sauti.

"Mbona kila siku inafunguka usiku? Kuanzia saa sita hivi. Mimi nilijua mzee kakosea kuweka, nikanyamaza. Ungesema wewe?"

"Na jioni?"

"Jioni inagoma. Toka Jumatatu. Nilidhani simu yangu imejaa, nikafuta mapicha."

Nikabaki nimeshika kishikwambi. Jioni inagoma, saa sita usiku inafunguka. Inagoma kuanzia lini jioni? Nilitoka shule nikakiwasha saa kumi na dakika ishirini, ilikuwa tayari imegoma. Nikaanza kuhesabu kwa vidole.

Baba alipotoka na taulo begani nilimwamkia, nikamwomba anionyeshe ule ukurasa wa router. Nilidhani atakataa. Akaleta simu mwenyewe, kwa kuwa alikuwa na uhakika.

"Soma. Saa nne, hiyo hapo. Saa kumi na mbili, hiyo hapo. Kosa liko wapi?"

Iliandikwa 4:00 PM mpaka 12:00 AM.

"Baba, router inahesabu saa za Kizungu."

"Najua. Ndiyo maana nimeweka PM, ya usiku. Na hiyo AM ni ya asubuhi."

"Nne ya PM ni saa kumi jioni."

Akaangalia saa yake ya mkononi, ile ya mishale, ambayo maisha yake yote anaisoma kwa kuvuka upande wa pili bila kufikiri. Midomo ikacheza.

"Na hii kumi na mbili?"

"Saa sita usiku."

Kuku wakawa wanachakura. Nilikuwa nasubiri. Sikutaka aniombe msamaha, baba haombi watoto msamaha na sikuwahi kulitegemea hilo. Nilitaka tu aseme "kumbe". Akanipa simu.

"Rekebisha."

Nikaweka 10:00 PM mpaka 6:00 AM, nikahifadhi, nikamrudishia kwa mikono miwili. Akasema, macho yakiwa kwenye taulo, "Tusilikuze hili. Limeshapita."

Tulipokaa kunywa chai na viazi, baba alivunja kiazi akasema, "Nimeikagua ile router. Haina shida. Ni hao watu wa Mwanza, mitambo yao."

"Basi si router," mama akaitikia, akanishika goti. "Siku nyingine usiogope, mayu. Wale ni watu kama sisi."

Mkono wake ulikuwa bado kwenye goti langu. Nikaweka kikombe chini.

"Sikuogopa," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga, kaka akageuka. "Router ndiyo ilizuia. Baba aliweka saa nne ya Kiswahili kwenye saa za Kizungu, ikawa inafunga saa kumi jioni. Nimeirekebisha mimi asubuhi hii kwenye simu yake, na yeye ameona."

Hakuna aliyetafuna. Kwetu mtoto hamkanushi baba mezani, na msichana ndiyo kabisa. Kaka alianza kucheka, kicheko kikamfia puani alipomwona baba. Baba hakupandisha sauti. Alisukuma sahani ya viazi kidogo mbele, akasema, "Chukua begi, nenda shule."

Nikachukua begi. Chai niliiacha.

Mama alinifuata mpaka getini, kanga ikimdondoka, mkono bado una chumvi ya viazi. Akanishika bega, akanigeuza.

"Kwa nini hukuniambia jana?"

"Nilikuambia jana, mama."

Nikafungua geti, nikaenda shule.